Matabishi ya Émilienne

"Unaenda wapi na kitambaa ya sikukuu?" Mama Philomène aliuliza bila kuinua uso. Alikuwa ameinamia pipa lake uani, akisukuma kuni chini yake, kwa maana lutuku, pombe kali ya mahindi na mihogo, haijui Jumapili wala Krismasi.

"Misa, mama."

"Ya kwanza si ulishaenda?"

"Naenda ya pili."

Mama mtu alicheka mpaka akashika kiuno. "Ee, Émilienne! Uko na zambi gani yenye misa moja haiwezi kumaliza?"

Émilienne alijifanya anakaza kitambaa kichwani. Angejibu nini? Dhambi alikuwa nayo, tena ilikuwa imetimiza miezi tisa, na hakuna aliyeijua isipokuwa yeye na Mungu wake. Aliaga kwa haraka, akatoka uani akiwa amebana mkoba kwapani kama mtu aliyeiba.

Tuseme ukweli wote mapema, msomaji asije akampenda binti huyu bure. Mwaka huo wa themanini na tatu, mtaa mzima wa Kikula, mjini Likasi, ulikuwa unaijua lutuku ya Mama Philomène. Wanaume wakitoka kazini walikuja kukaa kwenye mabenchi yake, na aliyewamiminia ni Émilienne, msichana wa miaka ishirini na sita, mwenye macho makubwa na mkono usiotetemeka. Na Likasi nzima inajua matabishi ni nini. Ukinunua dagaa sokoni, muuzaji anakuongezea kiganja kimoja cha bure. Ukinunua unga, anakutupia konzi moja juu. Hayo ndiyo matabishi, na mnunuzi asiyeyapata huona amedharauliwa. Hata lutuku ina matabishi yake: kikombe kikikauka, mwenye nyumba anakudondoshea kidogo, ukae kidogo zaidi.

Hilaire ndiye aliyeyapata kuliko wote. Alikuwa fundi mitambo katika karakana za kampuni ya migodi, kijana mrefu mwenye mikono mikubwa na haya nyingi. Akiwa hajanywa, alikuwa na maneno matatu tu: bonjour, merci, na basi. Kikombe cha pili kikiisha, ulimi ulifunguka. Hapo angemweleza Émilienne kijiji chao kando ya ziwa Tshangalele, jinsi samaki wanavyonuka asubuhi, jinsi mama yake anavyoimba akiparua magamba, na jinsi yeye Hilaire asivyolala kwa kumfikiria msichana fulani ambaye hataki kumtaja jina huku anamtazama usoni. Émilienne alimpenda Hilaire wa kikombe cha pili. Kwa hiyo kila kikombe kilipokauka na kijana akawa anainuka, mkono wa binti ulikuwa tayari na chupa. "Kaa kiloko," alimwambia. Naye alikaa.

Jioni moja ya mwezi wa tatu, shemeji yake Hilaire, Germain, alifika kutoka ziwani na habari: mama anaumwa, anamwita mwanawe. Lori la wanawake wa samaki lingeondoka sokoni alfajiri. Hilaire alipita naye kwa Mama Philomène kuaga, kikombe kimoja tu, akalale. Émilienne aliisikia habari yote. Alisikia na jambo jingine ambalo Germain aliropoka kwa furaha yake kabla ya kwenda kulala: kwamba huko ziwani mama mtu ameshamchagulia Hilaire mchumba, binti wa jirani, mwenye adabu na asiyejua pombe inavyonuka. Basi mkono ulioongeza kwa mapenzi ukaongeza kwa wivu. Aliongeza mara moja, mara mbili, mara tatu. Hakutaka akae kidogo tu. Alitaka lori limwache.

Na lori lilimwacha. Hilaire alizinduka juu ya benchi jua likiwa utosini. Alipofika ziwani siku ya pili yake, alikuta kaburi la mama yake limeshafukiwa.

Dada yake mkubwa, Hortense, aliporudi kutoka matanga alikuja mpaka mbele ya ua wa Mama Philomène, akasimama pale bila kuingia. "Nyumba hii ilimeza mudogo yangu," alisema, "na binti wa nyumba hii njo alishika sahani." Mama Philomène alimjibu matusi, kwani hakuwa mtu wa kutukanwa kwake. Émilienne alijificha nyuma ya mlango. Tangu siku hiyo Hilaire hakukanyaga tena pale. Wakikutana barabarani, kijana alivuka upande wa pili, na Émilienne alibaki ameshika moyo, hajui kama amechukiwa au ameogopwa. Alijituliza kwa jambo moja tu: wanasema siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa mkononi mwake. Hilaire alikuwa amelewa. Hakuona nani aliongeza nini.

Habari iliyompeleka misa ya pili aliipata kwa Gertrude, mjane aliyeuza mikate ya kukaanga sokoni. Gertrude huyu zamani alikuwa akitolewa kwa Mama Philomène akiwa amebebwa mikono na miguu. Alhamisi iliyopita Émilienne alimkuta amenenepa, macho meupe, anakunywa munkoyo, togwa isiyolevya, kama mtoto.

"Mama Gertrude, juu ya nini haukuyake tena kwetu?"

"Nilikataa pombe, mutoto yangu. Shiye tuko na chama. Kila Siku ya Mungu, kisha misa ya pili, kule nyuma ya kanisa. Tunaikala, tunasema."

"Munasema nini?"

"Yenye pombe ilitufanya." Gertrude alimtazama kidogo, akashusha sauti. "Na yenye shiye tulifanya. Hilaire wenu eko mule pia."

Hilaire wenu! Neno hilo lilimkosesha Émilienne usingizi siku tatu. Alitaka kumwona tu, alijiambia. Amwone akiwa amekaa mahali ambapo hawezi kuvuka barabara.

Basi misa ya pili ilipokwisha alizunguka nyuma ya kanisa, akakuta milango mitatu iliyofanana. Alisukuma wa kwanza. Ndani walikuwa wamekaa vijana wawili wawili, mvulana na msichana, na mbele yao mwalimu wa dini mwenye miwani.

"Ingia, dada, umechelewa," mwalimu alisema kwa upole. "Muchumba wako eko wapi?"

Wachumba wote waligeuka kumwangalia. Émilienne alihisi masikio yanawaka. "Sijue, baba," alijibu, na lilikuwa jibu la kweli kuliko yote aliyotoa siku hiyo. "Natafuta bale ba pombe."

Mvulana mmoja alicheka puani. Mwalimu alivua miwani, akamwangalia kwa huruma ambayo ilimuuma kuliko kicheko. "Mulango ya mwisho," alisema. "Courage."

Chumba cha mwisho kilikuwa cha katekisimu, chenye mabenchi mafupi ya watoto, na watu wazima kumi na wanne wamekunja magoti kuyaenea. Mbele alikaa mzee Ambroise, aliyeendesha winchi ya kampuni miaka thelathini na kupoteza vidole viwili siku aliyoiendesha amelewa. Hilaire alikuwa benchi la pili, karibu na ukuta. Alipomwona Émilienne mlangoni, alishika kofia yake kwa mikono miwili, akainamisha macho. Alikuwa amepungua, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Émilienne aliona jinsi shingo yake ilivyo nyembamba, akatamani kulia pale pale.

"Karibu, dada," Ambroise alisema. "Apa tuko na sheria mbili. Yenye inasemewa apa inabakia apa. Na kila muntu anashitaki nafsi yake, kushitaki mwenzake hapana. Jina yako ya ubatizo?"

"Émilienne."

"Siku ngapi haujakunywa?"

"Minye? Minye sikunywake, baba. Ata siku moja."

Kicheko cha chinichini kilipita kwenye mabenchi, kicheko cha watu wanaojuana. "Ikala, mwanangu," Gertrude alimwambia, akimsogezea nafasi. "Shiye bote tulianzaka na vile."

Akakaa. Wakaanza kusema mmoja mmoja. Kijana mmoja aliuza mlango wa nyumba ya baba yake. Mzee mmoja alisema wajukuu wake wanakimbia wakimsikia akikohoa. Hakuna aliyejibu, hakuna aliyetoa ushauri. Mtu alisema, akakaa, na Ambroise akaitikia, "Tumesikia." Émilienne alitambua nusu ya nyuso hizo. Wawili kati yao aliwahi kuwamiminia kwa mkono wake huu huu, na walimsalimia kwa kichwa bila kinyongo, jambo lililomchoma zaidi ya matusi.

Zamu ya Hilaire ilifika. Alisimama polepole.

"Minye Hilaire. Miezi kenda na siku kumi na moja." Aliangalia ukuta. "Bale ba zamani mnajua yangu. Mama alikuwa nakufwa, aliniita, minye nililala ku benchi. Nilifika, nilikuta udongo." Alitaka kukaa.

"Na ule mwanamuke?" aliuliza mtu karibu na dirisha, kwa nia njema kabisa, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kipande cha hadithi.

"Wacha," Ambroise alisema.

"Mais kila siku anatuambiaka: ule mwanamuke mwenye alimuongezea..."

"Nimesema wacha!"

"Leo siseme juu yake," Hilaire alisema, na kofia ilikuwa inazunguka mikononi mwake. Akakaa. Hakumwangalia Émilienne hata kwa jicho la pembeni.

Ndipo Émilienne alipoelewa. Alijua! Miezi tisa hii Hilaire alikuwa anajua nani aliyeongeza, na kila Jumapili alimweka katikati ya mabenchi haya bila jina. Watu hawa wote walikuwa wanamfahamu, walikosa sura tu.

Sasa msomaji, jiweke wewe mahali pake. Hakuna aliyemtaja. Angeweza kusubiri wimbo wa mwisho akatoka kimya kimya. Au angeweza kusimama akakiri lile ambalo Hilaire alilijua tayari, kwamba aliongeza, kama wauzaji wote wanavyoongeza, na labda angesamehewa, kwa sababu nani Likasi nzima amewahi kushtakiwa kwa matabishi? Lile la pili, la wivu, angekwenda nalo kaburini. Hakuna aliyelijua. Na kama angelisema, alikuwa na hakika kwamba angempoteza Hilaire moja kwa moja, hata yule wa kuvuka barabara.

Magoti yake yalisimama kabla yeye hajaamua.

"Ule mwanamuke njo minye."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mtu wa dirishani aliziba mdomo.

"Minye binti ya Mama Philomène. Nilimuongezea matabishi mara tatu. Nilisikia Germain anasema mama yake anagonjwa. Nilijua camion inatoka asubui mapema."

"Tumesikia," Ambroise alisema, akidhani amemaliza.

"Bado, baba." Alishika benchi la mbele. "Germain alisema tena, kule ku ziwa kuko binti yenye bamemuchagulia. Minye nikasikia wivu. Nikawaza: akienda, anarudia na bibi. Ile ya tatu nilimwanga mingi, kikombe ilijaa. Nilikuwa nataka camion imuache. Sikukosea mukono, ba mama na ba baba. Nilitaka." Alifuta uso kwa kile kitambaa cha sikukuu. "Mama yake alikuwa nauliza juu yake, na minye nilikuwa nafurahi juu eko analala kwetu."

Aliketi. Mvua ilianza kugonga mabati. Gertrude aliweka mkono juu ya goti lake. Ambroise akaitikia, "Tumesikia."

Hilaire alikuwa amesimama. Alipita mbele ya magoti ya watu, akatoka nje, na mlango ukabaki wazi.

Émilienne hakumfuata. Alingoja wimbo, alingoja sala, aliinama na wenzake, na moyoni alikuwa anajiambia: basi, imekwisha, sasa hata kukuvukia barabara hatakuvukia. Lakini alipotoka alimkuta amesimama chini ya upenu wa kanisa, shati lililopigwa pasi limelowa begani.

"Ulitaka iniache," Hilaire alisema.

"Ndiyo."

"Ulijua mama anakufwa?"

"Kufwa, hapana. Nilizani ni maneno ya kukuita tu, juu ya ule binti. Mais sikuuliza, Hilaire. Ningeuliza ningejua, njo maana sikuuliza."

Alimwangalia, na Émilienne akaona macho yale aliyoyatamani miezi tisa, makavu na mekundu, na hakuweza kuyastahimili. Aliangalia chini, kwenye viatu vyao vyenye tope.

"Leo siwezi kusema nimekusamehea," Hilaire alisema. "Nikisema, nitaongopa, na mule tumetoka hatuongopi."

"Sikuomba."

"Najua. Njo inaniumiza."

Mvua ilipungua kidogo. Alianza kutembea, na baada ya hatua chache alisimama bila kugeuka, mpaka Émilienne alipofika ubavuni mwake. Walikwenda hivyo, nafasi ya mtu mmoja kati yao, wakipita wanawake waliokuwa wanafunua tena meza zao za mihogo. Watu waliwatazama. Mmoja alimnong'oneza mwenzake, naye mwenzake akasema "Aaa!" kwa sauti ya kusikika.

"Nikuambie yangu," Hilaire alisema ghafla. "Matabishi niliona. Ulizani niko kipofu? Niliona ya kwanza, niliona ya pili. Ile ya tatu, kikombe nilisogeza minye na mukono yangu. Mama nilijua. Camion nilijua. Mais nilisema mu roho: si ni yeye eko anamwanga? Ikiharibika, aiko minye."

"Hilaire..."

"Ngoja. Kila Siku ya Mungu naingia mule, nasema: kuko mwanamuke. Baba Ambroise ananiambia, jishitaki weye mwenyewe. Nakatala. Juu nikikutosha weye, ku ile benchi nabakia minye peke. Miezi kenda nakuchukia ili niweze kusimama." Alipangusa uso kwa kiganja, na haikujulikana kama ni mvua. "Na kila siku nikivuka barabara, moyo unabakia ngambo yako."

Lilikuwa ndilo neno Émilienne alilolisubiri tangu siku ya kwanza alipommiminia, na limekuja siku asiyostahili hata salamu. Alitamani kumshika mkono. Hakuthubutu. Mkono wake aliuona mchafu.

"Usiniambie vile," alisema. "Nilikukosesha kuzika mama yako."

"Weye kiloko, minye mingi. Tukigawanya makosa vizuri, yangu inapita yako."

"Usigawanye, Hilaire."

Walifika njia panda ya Kikula. Upande wa kushoto ulikwenda kwa Mama Philomène, na hata kutoka pale, kama upepo ukigeuka, harufu ya pipa ilikuwa inafika. Hilaire alisimama kama ng'ombe aliyeona nyoka.

"Kutoka apa sipite," alisema. "Miguu yangu inajua ile njia kupita minye."

"Minye naikala kule. Mama yangu alitulea na ile lutuku, shiye batano. Nitamwambia leo kama simwange tena, ata kikombe moja. Atanifukuza labda. Atasema nimelogwa na weye."

"Usifanye juu yangu."

"Aiko juu yako. Niliona bale bawili mule ndani. Minye niliwamwangia, na walinisalimia." Machozi yalimtoka tena. "Siku ya Mungu nitakuya, ata kama weye haukuye. Nitaikala ku nyuma."

Hilaire alitikisa kichwa kukubali. Hakumgusa. Alivaa kofia yake iliyolowa, akageukia upande wa kulia, kule ambako si kwake wala si kwenye karakana.

"Unaenda wapi?" Émilienne aliuliza.

"Kwa dada yangu Hortense. Depuis miezi kenda anakuchukia weye peke yako, na minye namuacha, juu inanisaidia. Leo namwambia kikombe nilisogeza minye." Alishusha kofia usoni. "Atatuchukia bawili."

Akaenda. Émilienne alibaki njia panda, akalia mbele ya wauza mihogo na wapita njia, bila kujificha, kwa sababu tangu ampende Hilaire hakuwahi kusikia kutoka kwake neno tamu kama lile "bawili".